Maji ya Moto Nyumbani: Zuia Joto, Fungulia Moshi na Mvuke



Hapa Kedowa hakuna haja ya kumweleza mtu baridi ni kitu gani. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ukungu ukiwa umelala juu ya michai, maji ya bombani huuma vidole kama upupu. Kwa sababu hiyo kila nyumba katika skimu huwasha moto wa maji asubuhi na jioni. Mkamuaji ataka maji ya kuoshea chuchu za ng'ombe, watoto wataka kuoga kabla ya kwenda shule, mama ataka kuosha mikebe ya maziwa, na wachumaji wa chai wakirudi wamelowa hawana dawa nyingine ila karai la maji ya moto.

Sisi wakulima twajua kuhesabu. Twajua mifuko ya mbolea tuliyonunua na kilo za chai tulizopeleka kwenye kituo. Lakini ni nani kati yetu aliyepata kuhesabu kuni zinazokwisha kwa ajili ya maji tu? Na ni nani aliyejiuliza kama jinsi anavyochemsha maji haiwezi kumletea msiba nyumbani? Mwezi huu nataka tulitazame jambo hilo. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, lakini kabla ya hapo nilisomea ualimu, basi mtaniwia radhi nikianza na hesabu ya ubaoni.

HESABU YA DEBE MOJA

Chukua debe la lita 20. Maji yetu ya asubuhi huwa na joto la nyuzi 15 hivi. Maji mazuri ya kuoga ni nyuzi 40. Basi kazi ya moto ni kuyapandisha nyuzi 25 tu. Nyumba ya watu sita, kila mtu akioga kwa lita 10, yahitaji madebe matatu kwa siku.

Kwa umeme, madebe hayo matatu hula karibu yuniti moja na robo tatu, yaani yuniti 50 na zaidi kwa mwezi. Kwa kuni juu ya mafiga, hula kilo tatu hivi kwa siku. Zidisha kwa siku za mwaka, utaona umechoma zaidi ya kilo 1,000 za kuni kavu kwa kuoga tu, bila kupika hata ugali mmoja.

Kwa nini kuni nyingi hivyo? Kwa sababu moto wa mafiga hupasha dunia nzima. Kwa kawaida, katika mizigo kumi ya kuni, ni mzigo mmoja au mmoja na nusu tu ambao joto lake huingia majini. Mingine yote huenda na upepo, hupasha mawe na udongo, au hutoka kama moshi na kumtia mama machozi.

Tena kuna kosa la kuchemsha kupita kiasi. Watu wengi huyaacha maji ya kuoga mpaka yatokote, kisha huyaweka kando yapoe. Hapa kwetu maji hutokota kwenye nyuzi 93 hivi, si 100, kwa sababu ya urefu wa nchi. Debe zima likifikishwa huko, moto umefanya kazi mara tatu ya ile iliyohitajiwa, na ukingoja yapoe joto lote hilo limepotea. Ukitaka kutokotesha, tokotesha lita sita na nusu tu, kisha uchanganye na maji baridi mpaka debe lijae. Utapata nyuzi zako 40 barabara.

Maji ya kunywa ni habari nyingine. Hayo yatokote kabisa, na katika nchi ya juu kama yetu yaache yaendelee kutokota kwa dakika tatu.

Kanuni ninayotaka uishike ni moja tu, nayo ina sehemu mbili: joto lizuiliwe lisitoroke, lakini moshi na mvuke vifunguliwe njia. Mtu akizuia joto huokoa kuni zake. Mtu akifungulia moshi na mvuke huokoa watu wake. Hasara nyingi za maji ya moto hutokea pale tunapofanya kinyume: joto tumeliacha liende zake, na moshi tumeufungia ndani.

KUNI KAVU, MFUNIKO NA JIKO LILILOZINGIRWA

Anza na yale yasiyohitaji fedha. Kwanza, funika sufuria. Maji yasiyofunikwa hupoteza joto kwa mvuke, na mvuke hubeba joto jingi kuliko unavyodhani.

Pili, choma kuni kavu. Mti wa mkaratusi uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia motoni, moto huanza kwa kukausha mti wenyewe kabla ya kupasha sufuria yako. Pasua kuni, zipange zikipitisha hewa chini ya paa, uziache miezi sita au zaidi. Utazijua zimekauka kwa nyufa za kwenye ncha, na zikigonganishwa hulia kwa sauti kali. Kuni zinazolia kwa sauti nzito bado zina maji.

Tatu, zingira moto. Jiko la udongo wa kufinyanga lililojengewa ndani ya ukuta mdogo wa tope, ambalo chama cha Maendeleo ya Wanawake kilisaidia kulieneza katikati ya miaka ya 1980, laweza kupunguza kuni karibu kwa nusu likitunzwa vizuri. Halina siri kubwa. Mlango wake ni mdogo, moto umebanwa chini ya sufuria, na ukuta huzuia upepo.

Nne, hifadhi moto uliokwisha kulipiwa. Maji yakipashwa wakati wa kupika chakula cha jioni, yatie katika chombo chenye mfuniko imara, ukiweke ndani ya kikapu kilichoshindiliwa majani makavu au matambara pande zote, na juu uweke mto. Alfajiri utakuta maji bado yana uvuguvugu, na kazi ya asubuhi imekuwa nusu.

PIPA LA NJE: MSAIDIZI MZURI, ADUI MBAYA

Wengi wetu tumeyakuta au kuyajenga mapipa ya kuchemshia maji nyuma ya nyumba. Jambo hili ni la zamani katika nchi hizi za juu. Mashamba makubwa yalipokuwa bado ya wazungu, kabla ya kugawanywa kwa skimu kuanzia miaka ya 1960, nyumba nyingi zilikuwa na pipa la galani 44, yaani lita 200 hivi, lililolazwa ndani ya ukuta wa matofali, moto chini yake na dohani nyuma. Maji baridi huingia chini ya pipa kutoka tangi dogo lililoinuliwa, na maji ya moto hutoka juu na kwenda bafuni.

Pipa hilo likijengewa vizuri huzuia joto kuliko mafiga. Lakini kumbuka kwamba lita 200 ni nyingi. Kulipandisha pipa zima kutoka nyuzi 15 mpaka 60 hula kilo 12 hivi za kuni kavu. Kama nyumba yako ina watu sita, pipa dogo latosha, au washa moto mara moja jioni na ukuta mnene wa matofali na udongo ukutunzie joto. Usitumie kamwe pipa lililowahi kuwa na dawa ya mimea au ya kuogeshea ng'ombe.

Sasa hatari yake. Maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi mara 1,600 na zaidi ya ile ya kwanza. Mvuke usipopata njia huitengeneza yenyewe kwa kulipasua pipa. Ndiyo maana juu ya kila pipa lazima pawe na bomba la mvuke lililo wazi, linalopanda juu kuliko usawa wa maji katika lile tangi dogo la baridi, na ambalo halina koki wala kizibo. Bomba hilo ni pua ya pipa.

Nasema haya kwa sababu niliwahi kuiziba pua hiyo mimi mwenyewe. Mwaka 2014 nilikuwa mwalimu kijana, nimepanga nyumba katika skimu moja isiyo mbali na hapa. Pipa lilikuwapo, na bomba lake la mvuke lilikuwa likidondosha maji ukutani usiku kucha. Nikaona ni uharibifu. Nikachonga gunzi la mhindi, nikaliziba, nikajisifu kuwa fundi. Siku mbili baadaye mke wangu alitaka kuosha lile tangi dogo, nami nikafunga koki ya bomba liendalo kwenye pipa ili maji yasimwagike. Jioni nikasahau kuifungua, nikawasha moto kama kawaida.

Haukupita muda mrefu tukasikia pipa linanguruma. Nilitoka na taa nikaona kichwa chake cha mbele kimevimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi yenye umande. Nilikuwa nimekwisha nyoosha mkono nichomoe lile gunzi, mara mzee jirani yangu akapiga kelele kutoka uani kwake: "Mwalimu, rudi nyuma! Acha hivyo hivyo! Toa watoto!" Mzee huyo alikuwa kijana wa kupasua kuni katika nyumba ya mzungu kabla ya uhuru, na sauti ile ya pipa aliijua. Alitupeleka sote nyuma ya zizi la ng'ombe. Hakuruhusu mtu akaribie kuvuta kuni, wala kumwaga maji, wala kugusa koki. Tulikaa pale katika baridi, mtoto wangu mchanga amefungwa ndani ya koti langu, mpaka moto ukafa wenyewe na mngurumo ukanyamaza.

Asubuhi mzee alikuja kulitazama pipa, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, ng'ombe wako akitoa kamasi, humziba pua?" Kisha akanieleza kile ambacho ningemwuliza mtu tangu mwanzo. Bomba lilidondosha kwa kuwa lilikuwa fupi. Ncha yake ilikuwa chini ya usawa wa maji ya tangi, na maji hutafuta usawa wake. Dawa ilikuwa kuliongeza urefu wa mkono mmoja, si kuliziba. Somo hilo nilikuwa nimelifundisha darasani kwa chaki, na nyumbani nikalisahau.

Basi wewe mwenye pipa, kesho asubuhi kabla hujawasha moto litazame. Je, bomba la mvuke lipo? Li wazi? Halikuzibwa na nyigu, kutu au kitambaa? Linapita juu ya usawa wa tangi? Je, tangi lina maji? Kama jibu moja ni hapana, usiwashe.

MAKAA NDANI YA CHUMBA

Wakati wa mvua wengi huingiza jiko la makaa bafuni au chumbani, likapashe maji na kuondoa baridi pamoja. Mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia. Makaa hayana moshi wa kuonekana, na hapo ndipo hila yake ilipo. Hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi, mpaka mwili unakosa pumzi huku mtu akivuta pumzi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyelala huenda asiamke.

Jiko la makaa lipashe maji nje au barazani, na maji ndiyo yaingizwe ndani. Hita ya gesi nayo isifungwe ndani ya bafu. Ifungwe nje ya ukuta mahali penye hewa. Ukimkuta mtu amezimia, fungua milango yote, mtoe nje haraka kwenye hewa safi, na umpeleke hospitali hata akizinduka.

UMEME

Tangu Serikali ilipoanza mwaka 2015 mpango wa Last Mile wa kusambaza umeme vijijini, nyumba nyingi za skimu zimepata waya. Pamoja na waya imekuja koili ya kutumbukiza ndoani, inayouzwa kwa bei ndogo sokoni. Koili haipotezi joto, maana iko ndani ya maji yenyewe. Lakini nguvu ya umeme wetu ni volti 240, na koili iliyopasuka huyatia maji umeme. Ndoo ikiwa ya bati, nayo imeingia umeme. Mtoto akiigusa akiwa pekupeku juu ya sakafu yenye maji, hatuna tena la kusema.

Ukiitumia, fuata taratibu hii bila kuigeuza. Maji kwanza, koili ndani ya maji, kisha washa. Kutoa: zima, chomoa plagi, kisha ndipo ushike maji. Usipime joto kwa kidole koili ikiwa inawaka. Usiiache peke yake na watoto.

Hita ya kuogea inayofungwa juu bafuni huvuta umeme mwingi kwa mara moja, kilowati nne au tano na zaidi. Yataka waya wake mnene kutoka kwenye boksi, swichi yake peke yake, waya wa kupeleka umeme ardhini, na swichi ya kukata umeme unaovuja. Kuiunganisha kwenye waya wa taa ni kuita moto kwenye dari. Mwite fundi mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA, na usione haya kumwomba aionyeshe. Kama una hita ya tangi, usiiache ikiwaka mchana kutwa. Tangi la lita 50 lenye nguvu ya kilowati moja na nusu hupata moto kwa saa moja na robo tatu hivi. Washa, tumia, zima. Vali yake ya kutolea mvuke isizibwe, kwa sababu ile ile uliyoisoma kuhusu pipa.

JUA NA MVUA YA MAWE

Jua halina bili. Wako watakaosema Kedowa ina mawingu mno. Ni kweli kwamba katika miezi ya Juni mpaka Agosti jua peke yake halitoshi. Lakini fikiri hivi: jua likiyatoa maji kwenye nyuzi 15 na kuyafikisha 30 tu, limefanya sehemu tatu katika tano za kazi, na kuni zitamalizia mbili. Hata bomba jeusi la plastiki lililozungushwa juu ya bati, au tangi dogo lililopakwa rangi nyeusi na kuwekwa mahali pa jua pasipo upepo, huleta faida hiyo.

Wale wanaotaka kununua mtambo wenye mabomba ya kioo, wakumbuke nchi yao. Kericho na Nandi ni mashuhuri duniani kwa mvua ya mawe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mashamba makubwa ya chai yalifikia kukodi ndege za kutia dawa mawinguni ili kupunguza mawe hayo. Kinachochana majani ya chai hakitaona huruma kwa kioo. Muulize mwuzaji kama kioo kimejaribiwa kwa mvua ya mawe, na ni nani atakayelipa kikivunjika. Jambo hilo liandikwe kwenye risiti. Wavu wa waya juu yake husaidia. Tena maji ya mtambo huo siku ya jua kali huweza kuunguza, basi yachanganywe kabla ya kuogea.

SAMADI

Kama una ng'ombe wawili au watatu wa zizini, usisahau samadi. Mtambo wa gesi ya samadi ulianza kutumika Kenya mwaka 1957 katika shamba la kahawa. Kilo 15 mpaka 20 za mavi mabichi kwa siku zaweza kutoa gesi ya kupasha madebe yako matatu, na majimaji yanayobaki ni mbolea ya kupeleka kwenye mboga au majani ya Napier. Kwa kuwa baridi yetu huifanya samadi ichache polepole, shimo lichimbwe mahali penye jua.

MTOTO NA MAJI YA MOTO

Maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya kwa muda wa sekunde tano hivi, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu. Katika karai tia maji baridi kwanza, kisha ya moto, na upime kwa kiwiko. Usiache sufuria ya maji ya moto sakafuni hata ukienda kuchukua taulo tu.

Mtu akiungua, mwagilia mahali hapo maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20 kamili. Vua nguo iliyolowa isipokuwa iliyogandamana na ngozi. Funika kwa kitambaa safi, mwende zahanati au hospitali ya Londiani. Usipake dawa ya meno, siagi, unga, yai wala udongo. Vitu hivyo haviponyi. Hufungia joto ndani na kuingiza uchafu.

KAZI YA JUMAMOSI HII

1. Pima madebe ya maji ya moto mnayotumia kwa siku, na kilo za kuni zinazoyapasha. Andika.
2. Tafuta mfuniko wa kila sufuria ya maji.
3. Pasua kuni za miezi ijayo, uzipange chini ya paa.
4. Chunguza bomba la mvuke la pipa, au vali ya hita.
5. Toa jiko la makaa chumbani, na koili iliyopasuka itupe.

Baada ya mwezi mmoja pima kuni tena. Zilizobaki ni faida yako, kama vile kilo za chai zilizoongezeka. Lakini faida iliyo kubwa haipimwi kwa mizani: ni kuwaona wote waliolala nyumbani jana wakiamka leo, wakinawa uso kwa maji ya moto, na kwenda kazini.

Yule mzee jirani yangu bado yu hai. Kila nikimtembelea, kabla hatujaketi kunywa chai, huniuliza kwanza: "Mwalimu, pua iko wazi?" Nami humjibu kwamba nimeitazama asubuhi ile ile. Nawe, ndugu mkulima, itazame.